Mteja akiuliza maji, usimjibu tu "yaache yalale"

Wauzaji wenzangu wa samaki wa mapambo, hii ni ya nyie mnaopokea oda WhatsApp, mnalipwa kwa simu na kutuma mzigo kwa basi. Mteja akiuliza aweke maji gani, wengi wetu tunajibu: "Chota bombani, yaache yalale siku moja, weka samaki." Kwa klorini jibu hilo ni sahihi. Kwa kloramini halifai, na samaki wakifa mteja anadai hela kwako.

Mimi niko Njinjo, Kilwa. Nafuga gapi na moli kwa maji ya mvua, nawafunga kwenye mifuko, bodaboda inawapeleka Nangurukuru wanapanda basi. Maji ya mvua hayana dawa. Kwa hiyo samaki wangu wanakutana na dawa ya maji kwa mara ya kwanza nyumbani kwa mteja.

Sasa tofauti iko hapa. Klorini inatoroka. Ndoo wazi juani, au yenye pampu ya hewa, baada ya siku moja au mbili inakuwa imepungua sana. Kloramini ni klorini iliyoshikana na amonia, na ikishashikana haitoroki kirahisi, inaweza kukaa siku nyingi. Haina hata ile harufu kali, kwa hiyo pua haikusaidii. Klorini inaunguza matamvua, yale mashavu ya kupumulia. Kloramini inapita kwenye matamvua mpaka kwenye damu, damu inashindwa kubeba hewa. Ndiyo maana unaona samaki anahema juu juu wakati pampu inafanya kazi vizuri tu.

Utasema kloramini ni ya Marekani. Ni kweli huko wanaiweka makusudi: Washington walianza 2000, San Francisco 2004. Video nyingi za akwariamu mnazoangalia zinatoka huko. Kwetu dawa ya kawaida ni klorini, ya unga, ya maji au ya vidonge. Lakini kloramini inaweza kujitengeneza yenyewe. Ukiweka klorini kwenye maji yenye amonia, umeshaipata. Na amonia inatoka wapi? Kisima kifupi kilicho karibu na choo cha shimo, maji ya mto baada ya mafuriko, tangi lenye majani yaliyooza ndani.

Nina mteja ambaye alifuata maelekezo yote, maji yamelala siku mbili, bado akaniandikia: "Dada, samaki wamelala wote." Nikamuuliza maji ya wapi. Kisima cha uani, na nyumbani kwao wanakitia dawa. Akapima kwa vidonge vya DPD, hivi vya mabwawa ya kuogelea. Namba 1 inaonyesha klorini huru, hiyo ilikuwa karibu hakuna. Namba 3 inaongezwa juu yake inaonyesha jumla, rangi ikapanda palepale. Ile tofauti kati ya namba mbili ndiyo klorini iliyoshikana, yaani kloramini. Angepima namba 1 peke yake angesema maji ni salama. (Na tafadhali, usimwambie mteja aache kutia dawa kisima. Kipindupindu si mchezo. Maji ya samaki yashughulikiwe kwenye ndoo yake.)

Dawa ya kuondoa ni sodiamu thayosalfeti, fuwele nyeupe, ileile iliyotumika zamani kwenye vyumba vya giza vya picha za filamu. Ni rahisi kuliko vichupa vya madukani, na unaweza kuuza mwenyewe kwenye vichupa vidogo pamoja na samaki. Yeyusha gramu 10 kwenye maji safi mpaka yafike mililita 100. Mililita 3 zinatosha ndoo ya lita 20 yenye klorini ya miligramu 2 kwa lita. Maji ya bomba mara nyingi yana chini ya hapo. Shirika la Afya Duniani linataka ibaki angalau 0.2 hadi bombani. Ikiwa ni 0.5, mililita 1 yatosha. Klorini inakwisha hapohapo, hakuna kungoja kesho. Kichupa kiandikwe kwa herufi kubwa: SI YA KUNYWA.

Ila kwenye kloramini kazi haijaisha. Thayosalfeti inaivunja, amonia inabaki majini: kila miligramu 1 ya kloramini inaacha takribani 0.2 ya amonia. Hapo pH ndiyo inaamua. Ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu inaongezeka kama mara kumi, na joto la huku pwani linaongezea. Tangi la zamani lenye chujio lililokomaa linaila hiyo amonia, bakteria wapo. Tangi jipya halina, na wateja wetu wengi ndio hao wa tangi jipya. Huyo muuzie au mwelekeze zeolaiti, au dawa ya dukani ambayo lebo yake imetaja amonia. Lebo ikitaja klorini peke yake, waache nayo. Kuna mkaa maalumu wa chujio unaosaidia pia, polepole. Mkaa wa kupikia sio huo, msidanganyane.

Kingine, sponji ya chujio isioshwe bombani. Ioshwe kwa maji yaliyotolewa kwenye tangi, la sivyo unaua bakteria walewale unaowategemea.

Siku hizi oda ikiingia, kabla sijafunga samaki natuma ujumbe huu. Mnaweza kuunakili:

"Habari mteja wangu. Kabla sijatuma naomba nijue: 1) Maji yako ni ya bomba, kisima au mvua? 2) Kuna dawa inatiwa, ipi? 3) Tangi lina muda gani na samaki wengine wapo? Nikipata majibu nakutumia na maelekezo ya maji. Samaki wakifika, rekodi video ukifungua mfuko na ukiwaweka tangini."

Asiyejibu namba 2, simpelekei mzigo mpaka ajibu. Wengine wananuna, wanaenda kununua kwingine. Sawa tu, nauli ya basi hairudi.