Bima Haimfutii Mkosaji Deni

Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam na shehena ya Zambia huvuka mpaka Tunduma na kuingia nchi yenye polisi wake, mahakama zake na fedha yake. Likigonga gari la mwananchi wa huko, nani atalipa? Wengi hudhani kwamba bima ikishalipa, shauri limekwisha. Sivyo. Bima humwondolea aliyepata hasara taabu ya kungoja. Haimfutii mkosaji deni lake.

Msingi wa jambo hili ni wa zamani. Bima ni ya kumrudisha mtu mahali alipokuwa kabla ya hasara, wala si ya kumtajirisha. Mwaka 1883, katika shauri la Castellain na Preston, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba muuza nyumba aliyelipwa na bima kwa sababu ya moto, kisha akapokea bei kamili ya mnunuzi, hakuwa na haki ya kubaki na malipo yote mawili. Kanuni hiyo imo pia katika sheria za Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia.

Kwa kanuni hiyo, shirika la bima likishamlipa mteja wake hushika nafasi yake dhidi ya aliyesababisha hasara. Tuseme gari limeharibiwa kwa thamani ya shilingi milioni 20. Mkataba unamtaka mwenye gari abebe milioni 1, na bima imelipa milioni 19. Bima itamdai mkosaji milioni 19. Ile milioni 1 mwenye gari ana haki kuidai. Shauri hufunguliwa kwa jina la mwenye gari, kwa hiyo haki ya bima haiwezi kuzidi haki yake. Kama ameshatia sahihi ya kusamehe, bima haina cha kudai.

Mkosaji akiwa mgeni, nchi jirani zimeweka njia yake. Itifaki iliyotiwa sahihi Addis Ababa mwezi Desemba 1986 ilianzisha mpango wa Kadi ya Njano, ulioanza kazi mwaka 1987. Tanzania ilijitoa katika COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki katika mpango huo. Mwenye lori hupata kadi kwa bima ya nchini kwake. Ajali ikitokea ugenini, ofisi ya mpango katika nchi hiyo hushughulikia madai ya waliodhurika kwa sheria ya huko, kisha hurudishiwa fedha na ofisi ya nchi iliyotoa kadi, nayo huzidai kwa bima ya lori. Na ikithibitika kwamba dereva hakuwa na leseni au alikuwa amelewa, bima hiyo inaweza kumgeukia mteja wake mwenyewe.

Mnyororo huu wote huanzia mikononi mwa askari aliyefika kwanza mahali pa ajali. Namba ya kadi na tarehe ya mwisho wake, namba za lori na tela, mchoro wa barabara, vipimo vya alama za breki, majina ya mashahidi: hivyo ndivyo vitakavyosomwa mahakamani dereva akiwa amekwisha rudi kwao. Askari anayewaacha madereva wamalizane njiani kwa noti chache huenda akadhani ameleta amani, kumbe amezika haki ya mtu ambaye maumivu yake yatajulikana kesho.

Dereva wa jeshi naye asidhani kwamba sare inamtoa katika kanuni hii. Gari la serikali likikosa, serikali inaweza kushtakiwa, na fedha itakayolipwa ni ya wananchi.

Bima isiporudishiwa kilicho chake, hasara huingia katika ada ya kila mwenye gari, hata yule ambaye hajagonga mtu maishani mwake. Taarifa iliyoandikwa kwa ukweli huuweka mzigo begani mwa aliyekosa, awe raia au mgeni.