Chupa moja ya matone, macho ya rika tatu

Kwenye kaunta ya duka moja la dawa, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, niliona wateja watatu wakihudumiwa ndani ya robo saa. Mama aliyebeba mtoto wa miaka kama minne, kope zimegandana kwa tongotongo. Kijana machinga, bega limejaa mikanda ya suruali, macho yote mawili mekundu na yanatiririka machozi. Mzee wa baraghashia, jicho moja tu limeiva, amelifunika kwa leso kwa sababu mwanga unamuumiza. Wote watatu waliuziwa chupa ileile ya matone ya antibayotiki. Hakuna aliyeulizwa umri, wala maumivu yalianza lini.

Kwa kukokotoa nachukulia chupa ni Sh3,000. Bei ya dukani kwako ikiwa nyingine, badilisha. Uwiano utabaki palepale. Na ninaposema jicho kuvimba nina maana ya jicho kuwa jekundu, likiuma au likiwasha, likitoa machozi au usaha, kwa sababu yoyote ile.

Kwa mtoto, makadirio ya vitabu vya tiba ni kwamba kati ya wagonjwa 100 wa aina hii, 50 hadi 75 wana bakteria. Tuchukue 60. Je, dawa inawasaidia wangapi? Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023, yaliyojumlisha majaribio mengi ya wagonjwa wa bakteria, yalikuta kuwa waliopewa antibayotiki walipona asilimia 68.2, na waliopewa matone yasiyo na dawa walipona asilimia 55.5. Tofauti ni 12.7. Kwa watoto wetu 60, hao ni wanane hivi. Chupa 100 ni Sh300,000. Gawanya kwa 7.6, kila mtoto wa ziada aliyepona kwa sababu ya dawa amegharimu karibu Sh39,000.

Kwa mtu mzima mgawanyo unageuka. Kwake virusi ndivyo vinavyoongoza, na makadirio hufika 80 kati ya 100. Hata tukiwahesabu 20 waliobaki wote kuwa wa bakteria, jambo ambalo ni ukarimu kwa kuwa baadhi yao wana mzio, faida ni watu 2.5. Sh300,000 ileile sasa inatoa Sh118,000 kwa kila aliyepona kwa ziada. Chupa haijabadilika. Kilichobadilika ni umri wa jicho, na gharama imepanda mara tatu.

Kwenye mlipuko hesabu ni mbaya zaidi. Januari 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa macho mekundu wa virusi, na Dar es Salaam ilikuwamo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani. Chukulia mmoja tu katika kila 100 aliugua na kununua chupa moja: watu 53,837, Sh161.5 milioni. Antibayotiki haiui virusi, kwa hiyo faida iliyonunuliwa kwa fedha hizo iko jirani na sifuri.

Gharama kubwa ya machinga, hata hivyo, haipo kwenye chupa. Kima cha chini cha mshahara katika biashara kilichoanza Januari 2023 kilikuwa Sh150,000 kwa mwezi, yaani Sh5,769 kwa siku, ukigawanya kwa siku za kazi 26. Machinga hana mshahara, lakini tukitumia kiwango hicho kama sakafu, siku saba za kukaa nyumbani ni Sh40,383, zaidi ya chupa 13. Ndiyo maana anarudi barabarani siku ya pili, anapangusa jicho, anapokea noti, anarudisha chenji. Simlaumu. Anayemwambia apumzike wiki nzima amwonyeshe na ugali wa wiki hiyo utatoka wapi.

Takwimu hizi zina udhaifu. Sehemu kubwa ya tafiti zilizozaa zile 60 na 80 imefanyika nchi za baridi. Katika maeneo ya joto watoto wengi, hasa wavulana, huwa na mzio sugu unaowasha na kurudirudi mwaka baada ya mwaka, na kila mtoto wa mzio anayehesabiwa kama wa bakteria anaipamba chupa. Wengine huuziwa matone yenye steroidi kwa sababu mwasho unatulia haraka. Yakitumika kwa wiki kadhaa, karibu theluthi moja ya watu hupanda presha ya macho kwa kiasi, na asilimia 5 hivi hupanda sana. Hiyo haionekani kwenye risiti.

Mzee ndiye anayeniumiza zaidi. Kwa wa rika lake mara nyingi ni ukavu wa macho au kingo za kope kuvimba, na haraka haipo. Lakini jicho moja, maumivu, kuogopa mwanga: hapo kuna mtoto wa jicho aliyeiva kupita kiasi na kuanza kuvuja ndani, kuna mkanda wa jeshi uliopanda usoni, kuna presha ya macho ya ghafla. Mkanda wa jeshi wenyewe hauheshimu jedwali la umri: ukimpata kijana, daktari humpima na virusi vya Ukimwi.

Chukulia safari na kumwona daktari wa macho ni Sh20,000. Kipato cha mwaka kwa kima kilekile ni Sh1,800,000. Gawanya: 90. Ikiwa jicho moja tu linaokolewa kati ya wazee 90 wa dalili hizo wanaopelekwa, fedha zimerudi kwa kipato cha mwaka mmoja. Utaniambia wengi wao hawafanyi kazi tena. Kweli, lakini mzee asiyeona huhitaji wa kumshika mkono, na huyo ni binti au mjukuu aliyeacha shughuli yake.

Kutoka kaunta ile hadi Hospitali ya Muhimbili, Upanga, haifiki kilomita tatu. Mzee alihesabu noti tatu za elfu, akakunja kifuko cha dawa ndani ya leso, akavuka barabara kuelekea Gerezani huku jicho amelifumba.