Elimu: Darasa la Goma laweza kufanya kazi na darasa la Japani hata kwa mega kidogo

Mtu akisikia kwamba masomo mawili ya nchi za mbali yameunganishwa kwa intaneti, anafikiri video: skrini kubwa ukutani, watoto wakipungiana mikono. Mwalimu wa Goma, Uvira ama Butembo, ambako umeme unakatika na mega zinaisha katikati ya mwezi, anaona habari hiyo haimuhusu. Lakini kazi hii haikuanza na video, na mpaka leo inaweza kwenda bila video.

Ilianza na karatasi. Mwaka wa 1924, huko Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa, mwalimu Célestin Freinet alileta darasani mashine ndogo ya kuchapa. Baadaye maandishi ya wanafunzi wake yakawa yanaenda kwa posta hadi Trégunc, Bretagne, kwa darasa la mwenzake René Daniel. Watoto waliandika kwa sababu kulikuwa na watu wanaongoja kuwasoma, si kwa ajili ya pointi tu.

Mwaka wa 1988, Marekani na Umoja wa Kisovyeti zikiwa bado hazijaaminiana, masomo ya jimbo la New York yaliunganishwa na ya Moscow kwa barua za kompyuta. Walimu waliona haraka kwamba salamu peke yake hazidumu: ukishasema jina lako na mchezo unaoupenda, unabaki bila neno. Kilichodumu ni kazi ya pamoja. Hapo ndipo mtandao wa iEARN ulizaliwa, na leo uko katika nchi zaidi ya 100.

Mojawapo ya njia zake ni kukusanya madarasa sita hadi nane kwa miezi michache. Kila darasa linachagua ulizo moja na kuyaomba mengine yalijibu. Mwishoni kila moja linaandika sehemu yake ya kitabu cha wote. Mwalimu mwenye telefone moja anaweza hiyo: watoto wanaandika kwa kalamu, yeye anapiga picha ama kuandika upya, halafu anatuma usiku mtandao ukiwa mwepesi. Video, kinyume chake, inadai wote wawe macho pamoja. Saa mbili asubuhi Goma, Tokyo ni saa tisa alasiri, na New York, wakati wa baridi, ni saa saba ya usiku.

Ukosefu wa intaneti si shida ya Congo peke yake. Ripoti ya UNESCO ya 2023 ilisema ni asilimia 40 tu ya shule za msingi duniani zilizounganishwa. DRC iliruhusu Starlink mwezi wa tano 2025, lakini ruhusa haimlipii mkuu wa shule bei ya mashine.

Shida ngumu zaidi ni ya namna watoto wanavyotazamwa. Darasa la Kivu likiulizwa juu ya vita tu, wenzao watawahurumia, basi. Afazali kuchagua jambo ambalo pande zote zina la kufundishana. Goma iko chini ya Nyiragongo, iliyolipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Kagoshima, kusini mwa Japani, iko mbele ya Sakurajima, mlima wa moto unaomwaga majivu mara kwa mara, na watoto wanaoishi karibu nao wanaenda shuleni na kofia ngumu kichwani. Wa Goma wangeeleza mazuku, hewa ya sumu inayojikusanya mashimoni, na namna ya kujenga nyumba juu ya mawe ya lava.

Lugha inadai mtu wa kutafsiri, ndiyo maana kuanza na darasa la Senegal ama Ubelgiji kwa Kifaransa, ama la Tanzania kwa Kiswahili, ni rahisi zaidi.

Na kabla ya kutuma chochote, wazazi wakubali. Huku mashariki, picha ya mtoto yenye jina lake na mahali shule ilipo haifai kutoka darasani. Mchoro wake na maandishi yake vinatosha.