Kutoka Mkonge hadi Nyuzi za Nano: Kifungashio Kinachotafutwa Werugha

Utangulizi

Wahenga walituusia kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Historia ya mkonge katika Afrika Mashariki ni kielelezo cha methali hiyo. Mmea huu wenye asili ya Meksiko uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na baadaye ukaenea hadi Kenya. Kwa miongo mingi, kamba na magunia yalitokana nao. Kisha, katika miaka ya 1960 na 1970, zilikuja kamba za plastiki za bei nafuu. Tanzania, ambayo mnamo 1964 ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, ilishuhudia mashamba yake mengi yakigeuka vichaka. Plastiki iliyoushinda mkonge sasa imejaa mitaroni. Makala haya yananuia kueleza namna ambavyo sayansi ya nano huenda ikaurejesha mkonge katika uwanja huohuo ulikoshindwa, yaani ufungashaji wa bidhaa.

Mboga za mlimani, mkonge wa bondeni

Mwandishi wa makala haya ni mzaliwa wa Werugha, katika vilima vya Taita. Huko juu kuna baridi na ukungu, na wakazi hulima kabichi, sukuma wiki na nyanya. Mboga hizo huteremshwa kupitia Wundanyi na Mwatate hadi Voi, na nyingine hufika Mombasa. Anayesafiri njia hiyo huona jambo la kutafakarisha: mboga zinazokosa kifungashio kizuri hupita kando ya mashamba makubwa ya mkonge ya Mwatate.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, na kuweka adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008. Tanzania bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Wachuuzi waligeukia mifuko iliyofanana na kitambaa, kumbe nayo ilitengenezwa kwa polipropilini, ambayo ni aina ya plastiki. Mwaka 2019 ikatangazwa marufuku ya mifuko hiyo nayo nchini Kenya. Sheria iliweza kuondoa mfuko, lakini haikuweza peke yake kuleta kitu cha kuihifadhi mboga isinyauke kabla ya kufika sokoni.

Nyuzi za nano ni nini?

Neno "nano" lina asili ya Kigiriki, nalo humaanisha kibete. Nanomita 1 ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una upana wa takriban nanomita 80,000. Kuta za seli za mimea hujengwa kwa selulosi, kemikali iliyotambuliwa na Mfaransa Anselme Payen mwaka 1838. Uzi mmoja wa mkonge, ambao takribani thuluthi mbili zake ni selulosi, ni kama kamba iliyosokotwa kwa kamba ndogo zaidi, nazo kwa nyingine ndogo zaidi, zote zikiwa zimegandishwa pamoja kwa gundi ya asili iitwayo lignini.

Kazi ya mwanasayansi ni kuifumua kamba hiyo. Kwanza nyuzi huchemshwa katika soda kali ili lignini itoke. Kisha husagwa au kusukumwa kwa shinikizo kubwa katika mashine hadi zipatikane nyuzi zenye upana wa makumi machache ya nanomita. Kinachopatikana hufanana na uji mzito, ambao sehemu yake kubwa ni maji. Uji huo ukitandazwa na kukaushwa, huwa utando mwangavu, imara, unaozuia hewa ya oksijeni kupenya, na unaooza ukitupwa.

Aidha, uji huo waweza kupakwa juu ya tunda lenyewe. Mwaka 2022, taasisi ya utafiti ya Empa ya Uswisi, ikishirikiana na maduka ya Lidl nchini humo, ilitangaza kwamba ndizi zilizopakwa selulosi ya makapi ya matunda na mboga zilidumu kwa zaidi ya wiki moja ya ziada. Hoja hii ya makapi yatuhusu sana, kwani ni takriban asilimia 4 tu ya jani la mkonge inayotolewa kuwa nyuzi. Iliyobaki ni maji na makapi.

"Na mvua ikinyesha?"

Mwandishi alipomsimulia mama yake mzazi mambo haya, mama, ambaye ni mkulima, aliuliza swali moja tu: "Na mvua ikinyesha?" Bila kujua, alikuwa amegusa udhaifu mkuu wa teknolojia hii. Selulosi hupenda maji. Palipo na unyevu mwingi, utando huvimba na kupoteza uwezo wake wa kuzuia hewa. Watafiti hujaribu kuufunika kwa nta au kuuchanganya na malighafi nyingine, lakini gharama huongezeka. Isitoshe, usagaji huhitaji nishati nyingi, na soda kali ikimwagwa mtoni bila kusafishwa, tutakuwa tumeruka majivu na kukanyaga moto. Vilevile, mboga iliyovunwa huendelea kupumua, hivyo utando unaoziba kabisa huweza kuiozesha badala ya kuihifadhi.

Hitimisho

Kwa hivyo, nyuzi za nano bado hazijawa jibu kamili kwa mkulima wa Werugha. Hata hivyo, malighafi iko mlangoni pake, na hatari iliyopo ni kuuza nyuzi ghafi ng'ambo kisha kununua utando kwa bei ya juu. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu hapa. Tunapendekeza istilahi "nyuzi za nano" na "utando wa selulosi" zizoeshwe, ili mazungumzo haya yasibaki maabarani. Swali la mama lilihitaji lugha anayoielewa ili lizaliwe. Maswali ya wakulima wengine yanasubiri lugha hiyohiyo.