Uchungu ukianza, tusingoje kuche

Wapendwa, uchungu wa kuzaa si ugonjwa. Kwa mimba ya kwanza unaweza kuchukua saa 12 au zaidi, na mama anayekaa karibu na kituo cha afya ana nafasi ya kujitayarisha kwa utulivu. Lakini huku Shabunda na Walikale, matope ya barabara yanakula saa hizo. Kwa hiyo uchungu ukianza, tuondoke, bila kungoja kuche wala baba arudi shambani.

Damu nyingi, kifafa cha mimba, homa kali, mkono wa mtoto au kitovu kutangulia: hiyo ni hatari ya kifo. Makanisa yetu yapange mapema wabeba kipoyi na akiba ya pikipiki. Maombi yaendelee njiani.