Gari la kambi lina hitilafu na waranti inaelekea kuisha? Fanya haya kabla ya kulipeleka gereji

Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa Machi 25, 2020, na kuanzia siku hiyo magari mengi ya utalii yalikaa tu. Van za kawaida za safari zina unafuu kidogo, maana ndani ni viti na redio basi. Shida iko kwa mwenye gari la kambi: lile lenye kitanda, jiko la gesi, friji, tanki la maji na sola juu ya paa, ambalo mteja hulikodi, akaliendesha mwenyewe na kulala humo humo. Hilo ni gari na nyumba kwa pamoja, na vyote viwili huharibika vikiachwa bila mtu.

Baadaye barabara zilifunguka. Kuanzia Julai 7, 2020 uliweza kutoka Nanyuki au Diani ukaingia Nairobi bila kuzuiwa njiani, bora tu uwe umefika kabla ya kafyu ya saa tatu usiku iliyokuwepo wakati huo. Kwa hivyo wengi walikumbuka ile dirisha ya paa iliyokuwa ikivuja tangu Februari, au ile friji iliyokataa kuwaka, na wakataka kulipeleka gari litengenezwe kwa waranti. Ngoja kidogo. Kuna mambo ya kufanya kwanza, na la kwanza halihitaji hata kuwasha injini.

Waranti haikuwekwa karantini

Toa kile kitabu cha waranti usome tarehe. Waranti nyingi za magari huhesabu miaka au kilomita, chochote kitakachotangulia. Kilomita zilisimama kuanzia Machi, lakini kalenda haikusimama. Gari lililotoka kiwandani Agosti 2019 likiwa na waranti ya bodi ya mwaka mmoja lilibakiwa na wiki chache tu kufikia Julai 2020, hata kama miezi minne kati ya hiyo lilikaa chini ya turubai.

Wakati wa Corona kuna kampuni ambazo ziliwaongezea wateja muda, na kuna ambazo hazikusema kitu. Usikisie. Andika barua pepe au meseji leo, ueleze hitilafu, lini uliiona, nambari ya usajili wa gari, nambari ya chesisi na kilomita zilizo kwenye dashibodi. Uliza pia kama muda umeongezwa. Jambo kubwa ni kwamba malalamiko yafike kabla ya tarehe ya mwisho, hata kama nafasi ya gereji utaipata mwezi ujao. Kupiga simu ni sawa, lakini simu haina ushahidi. Ukishapiga, fuatisha na meseji: "Kama tulivyoongea leo saa nne asubuhi..." na uhifadhi jibu lao.

Na umwandikie nani? Hapa wengi hupotea njia. Gari la kambi huwa halina waranti moja. Injini, gia na chesisi ni za kampuni iliyouza gari. Paa lililoinuliwa, kabati, kitanda na madirisha ya pembeni ni za aliyejenga bodi, na huyo mara nyingi yuko Industrial Area, mbali kabisa na alikouziwa chesisi. Friji, betri ya pili na sola vina karatasi zao. Ukimpelekea muuza chesisi kesi ya paa linalovuja, atakwambia uende kwa mjenga bodi, nawe utakuwa umechoma mafuta ya kilomita 200 kutoka Nanyuki bure. Kuna kesi zenye utata pia. Taa za ndani zikikataa kwa sababu mjenga bodi aliunganisha waya kwenye wiringi ya gari, kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole. Hiyo waandikie wote wawili kwa meseji moja, ili kila mmoja aone mwenzake ameambiwa.

Orodha, picha, video

Wakati wa Corona magereji mengi hayakutaka mteja akae ndani akimwelekeza fundi. Uliacha gari getini, ukaondoka. Ina maana orodha yako ndiyo itakayokuzungumzia. "Friji ni mbovu" haimsaidii fundi. Andika: "Friji inawaka kwa umeme wa nje, lakini haiwaki kwa betri. Ilianza Februari." Hitilafu inayokuja na kuondoka, kama mlio wakati wa kukata kona, irekodi kwa simu. Video ya sekunde ishirini ina nguvu kuliko maelezo ya ukurasa mzima.

Sehemu inayovuja, bandika kipande cha tepu kando yake uandike nambari inayolingana na orodha. Kisha piga picha gari lote: pande nne, paa, kila kona ya ndani, dashibodi ikionyesha kilomita na mafuta. Fanya hivyo siku ya kupeleka, sio wiki moja kabla. Likirudi na mkwaruzo mpya, utakuwa na cha kuonyesha.

Ondoa nyumba, bakisha gari

Toa vitu vyote: matandiko, sufuria, viatu, vyakula. Fundi hawezi kufungua kabati lililojaa vikombe ili afikie bomba, na hana hamu ya kushika shuka zako. Friji isafishe, ikaushe, uache mlango wazi kidogo, la sivyo utapokea ukungu. Tanki la maji limwage lote, hata lile la maji machafu. Maji ya Machi yakikaa hadi Julai hunuka, na mbu nao hupata makao.

Gesi nitaisisitiza. Funga mtungi, ufungue jiko uchome gesi iliyobaki kwenye mpira hadi moto uzime wenyewe, kisha toa mtungi uuache nyumbani. Gereji kuna watu wanaochomelea vyuma. Ni fundi wa jiko pekee atakayeuhitaji mtungi, na huyo atakuambia mapema.

Betri ndiyo inayozua ugomvi zaidi. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6. Ikishuka hadi karibu 12, haina kitu, na ikiachwa hivyo miezi kadhaa inakufa. Mtengenezaji anaweza kukataa kuilipia akisema ni uzembe wa mwenye gari. Kwa hivyo ichaji kabla ya kwenda, ipime, upige picha ya kipimo. Ikishindwa kushika chaji hata baada ya hapo, angalau kesi yako ina miguu. Angalia pia kama panya wametafuna waya. Waranti hulipia makosa ya kiwanda, na panya si kosa la kiwanda. Afadhali uwe unajua mapema kuliko kushtuliwa na bili.

Kusafisha virusi bila kuharibu gari

Utafiti uliochapishwa Machi 2020 ulionyesha kwamba virusi vya Corona vinaweza kupatikana kwenye plastiki na chuma kisichoshika kutu kwa muda wa hadi siku 3. Ndiyo maana baadhi ya magereji yaliliacha gari likae kwanza kabla ya kuligusa. Hiyo iliongeza siku za kungoja.

Kwa upande wako, sabuni na maji kwenye kitambaa vinatosha kwa usukani, gia, vishikio vya milango, swichi na funguo. Jik usiitumie kwenye mikanda ya viti wala vitambaa. Inadhoofisha nyuzi na kutoa rangi. Sanitaiza yenye pombe ni ya mikono. Usiinyunyizie ndani ya gari lililofungwa, hasa lenye jiko, kwa sababu mvuke wake unashika moto. Fungua madirisha, acha hewa ipite. Funguo za gari ziweke peke yake kwenye mfuko wa plastiki, sio na za nyumba na za duka.

Kabla ya kutoka, hakikisha bima inafanya kazi. Wenye magari wengine walisimamisha bima gari lilipokuwa limekaa, na wamesahau. Angalia upepo wa tairi pia. Mwaka 2020 barakoa ilikuwa lazima. Faini iliweza kufika shilingi 20,000, pesa ambayo ingekununulia tairi.

Pesa: ni nani unayemlipa?

Kazi ya waranti hailipiwi na mteja. Likisemwa neno "ada ya kufungua faili ya waranti" na upewe nambari ya simu ya mtu binafsi, simama hapo hapo. Piga simu ofisini kwa nambari iliyo kwenye kitabu cha waranti, sio ile iliyokutumia meseji.

Lakini kuna gharama halali ambazo waranti haigusi: kuvutwa kwa gari, oili ya sevisi, kioo ulichovunja mwenyewe. Omba makadirio ya hizo kwa maandishi, kando na kazi ya waranti, kabla fundi hajashika spana. Angalia hesabu ya VAT: kuanzia Aprili 1, 2020 ilishushwa kwa muda kutoka asilimia 16 hadi 14. Lipa kwa nambari ya till au paybill ya kampuni, usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Jina likiwa la mtu usiyemjua, ghairi. Fundi akikwambia "tuma kwa simu yangu nitawapelekea," mwambie kwa heshima kwamba risiti yako lazima iwe na jina la kampuni. Pesa iliyoingia kwa simu ya fundi, kampuni haiitambui, na waranti ya kazi hiyo mpya huna.

Huna haja ya kubeba noti pia. Machi 2020 kikomo cha kutuma kiliongezwa hadi shilingi 150,000 kwa mara moja, na 300,000 kwa siku, kwa hivyo bili kubwa ya bodi haikuhitaji tena kugawanywa vipande kama zamani. Kutuma pesa isiyozidi shilingi 1,000 hakukuwa na ada hadi mwisho wa Desemba 2020, na hapo rubani wa boda aliyekuletea spea ndogo aliingia vizuri. Meseji ya malipo usiifute. Iweke pamoja na risiti ya ETR na zile picha. Ukituma kwa nambari isiyo sahihi, omba kurudishiwa dakika hiyo hiyo. Aliyepokea akishatoa pesa, kazi inakuwa ngumu.

Wakikataa

Omba sababu kwa maandishi, ikitaja kipengele cha waranti wanachotumia. Mara nyingi swali hilo tu hubadilisha mazungumzo. Na hata waranti ikiwa imeisha, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaostahili kuuzwa. Paa lililovuja tangu mvua ya kwanza ni jambo la kuzungumza na wakili, ukiwa na tarehe na picha zako mkononi.

Siku ya kulichukua gari, fika asubuhi ili upate muda wa kurudi. Pitia orodha yako nambari kwa nambari ukiwa bado getini, mwaga maji juu ya ile dirisha ya paa, na uhakikishe kazi imeandikwa kwenye kitabu cha waranti na kupigwa muhuri. Friji huchukua saa kadhaa kupoa, kwa hivyo jana yake mpigie fundi umwombe aiwashe usiku, uikute baridi.