Harusi Ng'ambo ya Mto Malaba: Je, Ndoa Itasimama?

Hebu tuseme binti yako ni Mkatoliki wa Malaba. Amechumbiwa na kijana Mwanglikana kutoka Tororo, Uganda. Ng'ombe wamekwisha kutolewa na wazee wamekubaliana. Imebaki harusi tu, na upande wa bwana arusi wanataka ifanyike kanisani kwao. Hapo ndipo wengi hujikwaa.

Kanuni ya 1108 ya Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 yasema kuwa Mkatoliki hufunga ndoa mbele ya askofu au paroko wa mahali, au padri au shemasi aliyepewa idhini na mmoja wao, pamoja na mashahidi wawili. Akifunga kwa mchungaji au katika ofisi ya serikali bila ruhusa, Kanisa lake haliihesabu kuwa ndoa, hata akiwa na cheti mkononi. Komunyo nayo humponyoka.

Hata hivyo, mlango haukufungwa. Kanuni ya 1127 yampa askofu wa yule Mkatoliki uwezo wa kumwondolea sharti hilo ikiwa pana shida kubwa, kama vile ugomvi kati ya koo mbili. Askofu wa binti wa Malaba ni yule wa Bungoma, jimbo lililoundwa mwaka 1987. Kwanza atashauriana na mwenzake wa Tororo. Ruhusa ya ndoa mseto pia yahitajika, na binti ataahidi kufanya kila awezalo ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mchumba wake hataahidi lolote; ataarifiwa tu. Lakini kama mchumba hajabatizwa, tuseme ni Mwislamu wa Busia, bila kibali maalum cha askofu hakuna ndoa kabisa.

Labda utasema, "Basi tumchukue paroko wetu tuvuke naye daraja." Angalia sana! Paroko hufungisha ndoa ndani ya mipaka ya parokia yake tu. Akivuka bila idhini ya paroko au askofu wa kule, ndoa haisimami, hata kama bibi na bwana arusi wote ni Wakatoliki. Dereva wa lori havuki Malaba bila karatasi. Padri naye ana zake.

Na ikiwa wewe ulikwisha kufunga ndoa bila ruhusa, usikate tamaa wala usimfukuze mwenzako. Mwendee paroko. Mara nyingi mtarudia ahadi zenu mbele yake na mashahidi wawili, bila sherehe kubwa. Mwenzako akikataa kurudia, askofu aweza kuiponya ndoa hiyo tangu shina lake, mradi nyote wawili bado mnatakana.

Wewe mzazi, mpeleke binti kwa paroko miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, akiwa na cheti chake cha ubatizo. Kadi za mwaliko zichapishwe baada ya jibu la askofu.